Andikeni Kwamba Nililewa

Basili Naman alikuwa ameshaandika ujumbe wa kumfukuza kazi Bura Amsi. Ulikuwa kwenye simu yake, umebaki kutumwa tu. Kilichomzuia ni kukumbuka kwamba mwaka uliopita mwenye gereji mmoja wa mjini Mbulu alimfukuza fundi wake kwa simu vivyo hivyo, akaishia kupanda na kushuka Babati miezi saba kwenye kesi, na akashindwa. Basi akampigia kwanza Kornelia Sulle.

Kornelia alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na tatu. Alifanya kazi ya ukarani miaka tisa kwenye ofisi ya usuluhishi wa migogoro ya kazi, akaacha, akafungua ofisi yake Katesh, chumba kimoja juu ya duka la dawa za mifugo. Shule binafsi, nyumba za wageni, wenye mashine na wenye mashamba makubwa ya ngano walimfuata awaandikie mikataba ya wafanyakazi, awapangie likizo, awaeleze namna ya kumwachisha mtu kazi bila kujiingiza matatani. Watu walimwita mwanasheria. Mwanzoni alikuwa akiwasahihisha, baadaye akachoka.

"Shikamoo, mzee Basili."

"Marahaba. Mama, nisikilize vizuri. Yule mtu wangu wa mashine ameniachia mashine inazunguka peke yake. Hii ni mara ya tatu. Leo mkanda umeungua, mashudu ya alizeti yameshika moto, tumezima kwa ndoo. Yeye tumemkuta nyuma ya magunia amelala, mate yanamtoka, amejikojolea. Pombe hiyo. Mimi namfukuza sasa hivi."

"Usimfukuze."

"Kiwanda kingeungua chote!"

"Nimekuelewa, mzee. Lakini umeshawahi kumpa onyo la maandishi? Umeshamwita ajieleze?"

Basili hakuwahi kuandika chochote. Alikuwa amemgombeza tu, mara mbili, mbele ya watu.

"Basi tufanye kama sheria inavyotaka," Kornelia akasema. "Mwandikie barua, mweleze kosa lake, mpe siku za kujiandaa. Aje kwenye kikao na mwenzake wa kumsaidia. Mimi nitakaa mwenyekiti, maana wewe huwezi kuwa mlalamikaji na hakimu. Tukimaliza hapo, hata akienda kushtaki hana pa kushika."

Baadaye Kornelia alijiuliza mara nyingi kwa nini hakuyasikia yale maneno ya mate na mkojo. Aliyasikia, ila yalipita. Mawazo yake yalikuwa kwenye barua.

Kiwanda cha Basili kiko Endagikot, banda refu la bati pembeni ya barabara, kinakamua alizeti zinazopandishwa kwa malori kutoka Hanang. Bura alikuwa na miaka minne pale. Alikuwa mtu wa Bashay, mrefu, mpole, mwenye sauti ya besi iliyotegemewa kwenye kwaya ya kigango chao. Kazi yake ilikuwa kusimamia mashine ya kukamua: kusikiliza mlio wake, kupunguza au kuongeza mbegu, kuondoa mashudu kabla hayajajaa. Msimu ule mavuno yalikuwa mengi, na tangu Juni msimamizi wa zamu, Sylvester, alikuwa amewapanga watu zamu mbili mfululizo. Bura alilala kwa saa tatu au nne tu, kisha akarudi.

Barua ilipelekwa Jumatatu. Jumanne asubuhi Bura alirudisha majibu, karatasi moja ya daftari, mwandiko wa kujikaza. Basili aliipiga picha akamtumia Kornelia.

*Mimi Bura Amsi nakiri kwamba siku ile nilikuwa nimelewa. Na zile siku nyingine mbili pia nilikuwa nimelewa. Sina cha kujitetea. Kama mtanifukuza ni sawa.*

"Umeona?" Basili alisema kwenye simu, furaha imemjaa. "Amekiri mwenyewe. Kikao cha nini tena?"

Lakini Kornelia aliisoma ile karatasi mara tatu. Katika miaka yake tisa ya kupanga majalada alikuwa ameona maungamo mengi ya namna hiyo, na mengi yalikuwa yameandikwa na mabosi, mfanyakazi akalazimishwa kuyanakili. Mtu anayejitetea hujitetea hata kwa uongo. Huyu alikuwa anajimaliza. Akamshuku Sylvester. Alikuwa na uhakika kabisa kwamba kuna mtu amemtisha Bura, na akajiambia kwamba kikao ndicho kitakachomwokoa.

"Kikao kiko palepale, mzee," akasema. "Alhamisi saa nne."

Walikaa kwenye stoo ndogo ya ofisi, watu sita kuzunguka meza moja. Kornelia mwenyekiti, Basili, Sylvester kama shahidi, Doris karani wa kiwanda akiandika kumbukumbu, Bura, na Marieta, mama wa miaka sitini aliyekuwa akichekecha mbegu. Bura alikuwa ameruhusiwa kuja na mwenzake wa kumsaidia, akamchagua yeye. Nje mashine ilikuwa imezimwa kwa ajili ya kikao, na wafanyakazi wengine walikuwa wamekaa kwenye magunia karibu na dirisha.

Kornelia alimwamkia Marieta, akafungua kikao, akasoma tuhuma. Sylvester akaeleza aliyoyaona. Hakuongeza chumvi. Zamu ya Bura ikafika.

"Ni kama nilivyoandika," akasema.

"Kuna mtu aliyekwambia uandike hivyo?"

"Hapana."

"Ndugu Bura, hapa hakuna wa kukudhuru. Nakuuliza tena. Kuna mtu aliyekulazimisha?"

"Hapana, mama. Nililewa."

"Ulikunywa nini?"

Bura alitazama meza. "Pombe."

"Pombe gani? Wapi?"

"Pale... pale kwa yule mama wa barabarani."

"Mama gani?" Sylvester akaingilia. "Ulikuwa na mimi tangu alfajiri. Hukutoka getini."

"Nilikuja nayo."

"Kwenye nini?"

Bura alijifuta uso kwa kiganja. Jasho lilikuwa limemtoka kwenye kidevu, na stoo ile ilikuwa na baridi. Kornelia aliona kwamba yuko karibu na ukweli, na raha ndogo ilimpanda, ile raha ya mtu anayejua kazi yake. Akasogeza kiti mbele.

"Ndugu Bura, nimeuliza kwa katekista wa kigango chenu. Ameniambia tangu ubatizwe hujawahi kuonja pombe. Sasa unamdanganya nani, na kwa nini?"

"Andikeni kwamba nililewa," Bura akasema taratibu. "Nakuombeni. Andikeni hivyo, mnifukuze, niende nyumbani."

"Siwezi kuandika uongo. Hii karatasi inaweza kufika mahakamani."

Hapo Marieta akashindwa kuvumilia. Alikuwa amejifunga kanga kiunoni, mikono imetulia mapajani, akaongea kwa sauti ya mtu aliyekasirika.

"Huyu hanywi. Ana kifafa. Mimi ndiye huwa namlaza kwa ubavu mpaka apate fahamu. Dawa anatumia, ila mnamkeshesha! Mtu wa kifafa anakesheshwa?"

Doris aliacha kuandika. Basili, aliyekuwa amekaa jirani na Bura, aliondoa mkono wake mezani. Pengine hata hakujua kwamba ameuondoa. Bura alifunika uso kwa viganja vyote viwili, akabaki hivyo.

"Mama Marieta," akasema chini ya viganja. "Mama Marieta, umeniua."

Kornelia aliahirisha kikao. Kabla hawajainuka aliwaambia wote, mmoja mmoja kwa jina, kwamba habari za ugonjwa wa mtu ni siri, kwamba yaliyosemwa mle yabaki mle. Wote waliitikia. Alipotoka nje, wale waliokuwa wamekaa karibu na dirisha walikuwa wamesimama, hawamwangalii.

Siku tatu baadaye alileta uamuzi wake, kurasa mbili, na hakuna mwanasheria ambaye angeukuta na dosari. Ugonjwa si utovu wa nidhamu. Mfanyakazi hana hatia. Mwajiri amtafutie kazi nyingine anayoiweza, isiyo na mashine inayozunguka, mchana tu. Kiwandani palikuwa na nafasi kwenye mizani, ya kupima magunia ya wakulima wanapoleta alizeti. Basili aliguna, lakini alikubali. Alikuwa mtu anayeogopa kesi, si mtu mbaya. Kornelia aliondoka Endagikot siku ile akiwa ameridhika. Hata alimsimulia dada yake, bila kutaja jina.

Bura alikaa kwenye mizani majuma tisa. Kwa muda wote huo hakuanguka hata mara moja, kwa sababu alikuwa analala. Kazi aliifanya vizuri. Ila watu.

Kwanza waliacha kunywa maji kwenye kikombe cha pipa, kila mtu akaja na chupa yake. Chakula cha mchana, wanaume walikuwa wakila makande kwenye sinia moja. Bura akifika, sinia linakuwa limekwisha. Wengi wao waliamini kwamba povu la mtu wa kifafa likikugusa nawe unaupata. Kijana mmoja aliomba ahame zamu. Marieta alikula naye siku zote, mpaka mkwewe alipomkataza kumshika mjukuu akirudi kutoka kazini. Akaendelea kula naye, lakini wakakaa mbalimbali kidogo.

Kisha habari ikapanda hadi Tumati. Binti mkubwa wa Bura, Glory, alikuwa amechumbiwa na kijana wa huko. Walikuja wazee wawili wa upande wa mume, wakakaa, wakanywa chai, wakaongea habari za mvua na za ng'ombe, na mwisho mmoja akasema kwamba wameambiwa kuna jambo kwenye damu. Hawakutukana mtu. Walisema wangependa kusubiri. Kila mtu mle ndani alielewa maana ya kusubiri.

Mwishoni mwa Septemba wakulima wa Hanang wakaanza kupeleka alizeti kwa mshindani wa Basili, upande wa Dongobesh. Mwenye duka mmoja mjini alirudisha madumu ya mafuta, akisema wateja wanauliza kama ndiyo yale ya kwa mgonjwa.

Basili alimpigia tena Kornelia.

"Mama, nilifuata ulichoniambia. Nukta kwa nukta. Sasa naomba uniambie nifanye nini, maana nina watu ishirini na wawili wanaotegemea hii mashine."

"Huwezi kumfukuza kwa sababu watu wanamwogopa. Huo ni ubaguzi."

"Najua. Ndiyo maana nimekupigia wewe."

Kornelia alikuwa na jibu, kwa kuwa jibu lipo siku zote. Mwajiri na mfanyakazi wanaweza kuachana kwa makubaliano. Wanakaa, wanaelewana, wanatia sahihi, na shauri linakuwa limefungwa pande zote. Hakulipenda jibu hilo. Lakini aliliandika, na kwa sababu alitaka mambo yaende kwa haki, alikwenda mwenyewe Endagikot kumsomea Bura kila mstari.

Walikaa nje, kwenye benchi la wakulima karibu na mizani. Bura alikuwa amekonda.

"Una haki ya kukataa," Kornelia alimwambia. "Nataka ulielewe hilo kabla hujashika kalamu. Ukikataa, hawezi kukutoa hapa. Akikutoa, unakwenda kushtaki, na utashinda. Mimi nakwambia utashinda."

"Nikishinda inakuwaje?"

"Anaamriwa akurudishe kazini. Au akulipe."

"Anirudishe hapa?"

"Ndiyo."

Bura aliangalia uani, kule wenzake walikuwa wanashusha lori. Walikuwa wakiimba, na sauti ya besi haikuwapo kwenye wimbo.

"Mama, mimi kwa miaka minne nilianguka hapa labda mara sita. Mama Marieta alikuwa ananificha. Nikizinduka najifuta, narudi kwenye mashine. Watu walinisalimia. Mwanangu alikuwa na mchumba." Hakuwa anamlaumu. Aliongea kama mtu anayesahihisha hesabu ya mwingine. "Ile siku nilikuomba jambo dogo tu."

"Ningeandika uongo, Bura."

"Ndiyo. Uongo wangu mwenyewe."

Akachukua kalamu, akaweka karatasi juu ya goti, akatia sahihi kila mahali alipoonyeshwa. Kornelia akasaini kama shahidi.

Marieta ndiye aliyempigia simu, mwezi wa pili wa mwaka uliofuata. Alizungumza kwa kifupi, akatoa salamu zote kwanza kama inavyotakiwa, kisha akasema Bura amezikwa Jumamosi iliyopita.

Kornelia alikwenda Bashay siku ya tatu baada ya simu hiyo. Mvua zilikuwa zimenyesha, akaacha gari kwenye kanisa akatembea. Vitunguu saumu vilikuwa vimejaa pande zote za njia, kijani, vimepandwa kwa mistari, na mifereji midogo ikipita katikati. Nyumba ya Bura ilikuwa ya matofali, bati limeshika kutu upande mmoja. Lucia, mjane wake, alikuwa akipukuchua mahindi barazani. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye macho makavu. Kornelia alipojitaja, Lucia alimtazama kwa muda, kisha akamletea kigoda.

"Pole sana, mama," Kornelia akasema.

"Nimeshapoa."

Lucia alimweleza bila kuulizwa. Baada ya kiwanda, hakuna aliyemtaka Bura kwenye kazi ya kundi. Kupalilia, kuvuna, kubeba, kote watu walikuwa wanaenda kwa vikundi, na hakuna kikundi kilichomtaka. Kazi aliyoipata ilikuwa ya mtu mmoja: kumwagilia vitunguu vya mwalimu mstaafu, kufungua mfereji na kuufunga, shambani peke yake kuanzia asubuhi. Lucia alikuwa akienda naye, akikaa kwenye tuta anafuma, anamwangalia. Siku ile alikuwa amekwenda kituo cha afya kumchukulia dawa, kwa kuwa zilikuwa zimekwisha siku mbili zilizopita.

"Nilimwambia asiende mpaka nirudi. Akasema maji ni zamu yetu leo, tukiikosa mpaka wiki ijayo." Alitupa gunzi kwenye kapu. "Nilimkuta kwenye mfereji, kifudifudi. Maji hayafiki hata hapa." Akashika kifundo cha mguu. "Ng'ombe anavuka bila kuloa magoti. Watu walipita njia ile, wawili, watatu. Walimwona ameanguka. Mmoja alikiri kwenye msiba. Alisema aliogopa kumshika."

"Angekuwa mlevi," Lucia akaendelea, "wangemvuta. Mlevi akianguka mferejini watu wanacheka, wanamvuta mguu, wanampeleka kwake. Kesho anarudi kunywa. Mlevi anasamehewa, mama. Mume wangu alilijua hilo. Nyie mlikuwa mnasoma vitabu."

Mahindi yalidondoka kwenye ungo. Ndani ya nyumba mtu alikuwa anafagia.

"Nilikuwa nataka kukuuliza wewe," Lucia akasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikawa ya mtu anayehitaji kitu. "Mama Marieta amesema wewe unazijua hizi habari. Yule alitolewa kazini kwa ugonjwa. Alianza kuanguka mara nyingi baada ya kukesheshwa. Je, hakuna mahali pa kwenda? Nimesikia kuna fidia za wafanyakazi. Nimesikia kuna Tume ya mambo ya kazi. Mtu akifa, mke wake anaweza kusikilizwa?"

Kornelia alilijua jibu lote, kila kifungu. Alitamani asilijue.

"Angekuwa bado mfanyakazi..." akaanza. Akaanza tena. "Kuna muda wa kupeleka malalamiko, na umepita. Na hata usingepita, kuna makubaliano aliyoyatia sahihi. Yanasema kwamba hana dai lolote tena, sasa wala baadaye, yeye wala warithi wake."

"Warithi ni sisi?"

"Ndiyo."

"Nani aliyaandika hivyo? Basili?"

Kufagia kulikuwa kumekoma ndani.

"Mimi," Kornelia akasema.

Lucia aliendelea kupukuchua lile hindi lililokuwa mkononi mpaka punje zikaisha. Akaliweka gunzi kwenye kapu pamoja na mengine, akakung'uta nguo, akainuka. Alizunguka nyuma ya nyumba, na Kornelia akamsikia akimwita ndama.

Alisubiri. Aliandaa maneno kichwani, akayaacha, akaandaa mengine. Angeweza kuzungumza na Basili kwa ubinadamu tu, nje ya karatasi. Angeweza kuandika barua. Mawingu yalikuwa yameshuka hadi kwenye miti ya juu ya mlima, na njia aliyojia ilikuwa imeanza kung'aa kwa tope.

Aliyetoka alikuwa Glory, ufagio bado mkononi. Alikuwa na urefu wa baba yake. Aliamkia "shikamoo" bila kuinua macho, Kornelia akaitikia.

"Mama amesema hatarudi huku mbele," binti akasema. "Amesema uende kabla mvua haijakufunga."

Kornelia akasimama. Glory akachukua kigoda, akakifuta kwa kanga, akakiingiza ndani, na akafunga mlango.